Kilichokuwa Ndani ya Godoro la Tuli

Jumamosi, mwezi wa saba. Upepo tangu alfajiri, ule wa huku kwetu Ufipa unaopenya sweta kama vile hukuvaa kitu. Jua lipo, ila ni la kutazama tu.

Leo nimenusa magodoro katika maduka manne hapa Sumbawanga mjini. Nimenusa hasa, nimeinama na kuweka pua kwenye kitambaa mbele za watu. Duka la tatu, akina mama wawili waliokuwa wakichagua vyandarua walibinyana wakacheka. Wacheke. Siku hizi siamini kitu chochote kilichoshonwa pande zote.

Tuli, binti yangu, ana miaka sita. Mwezi wa tano tulimtoa kitandani kwetu tukampa kitanda chake mwenyewe, kwenye chumba cha bibi yake. Bibi huyo ni mama yake mume wangu, anaishi nasi tangu baba mkwe alipofariki. Godoro nililinunua kwa mtu aliyepita mtaani na pikapu. Lilikuwa na maua mekundu, nailoni bado iko juu, bei ya kuokota. Nilijiona mjanja.

Haikupita wiki mbili, Tuli akaanza kuamka akilalamika kichwa. Macho yanatoa machozi, mgongo umejaa vipele. Akilala kwa mama yake mdogo anaamka mzima, anaimba. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa mama mdogo kuna nini ambacho kwangu hakipo. Mimi nilikuwa nimeshapata wa kumshuku.

Nilimshuku mama mkwe.

Kila jioni Mama alikuwa akimpaka Tuli mafuta ya nyonyo aliyokuja nayo kutoka kijijini, kwenye chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi. Nikaanza kuichungulia ile chupa akiwa nje. Niliinusa. Nilijipaka mkononi nikangoja kuwashwa. Sikuwashwa, na bado sikuridhika. Jioni moja nikamwambia, Tuli akiwa palepale mapajani mwake: "Mama, naomba usimpake tena mtoto hayo mafuta. Hatujui yana nini."

Alizungusha gunzi mpaka likakaza, akaifuta chupa kwa kanga, akaitia kwenye mkoba wake. Asubuhi akamwambia Baba Tuli kwamba amewakumbuka wajukuu wa Laela, akapanda basi akaenda kwa shemeji yangu. Mume wangu aliniuliza kama kuna neno limepita kati yetu. Nikasema hakuna.

Mafuta yaliondoka. Vipele vilibaki.

Nilimpeleka Tuli zahanati. Muuguzi, mama mtu mzima asiye na haraka, alimgeuza mgongo kwenye mwanga akaniuliza, "Analalia nini huyu?" Nikasema godoro jipya. Akasema, "Jipya kwa macho au jipya kweli? Hebu likague." Nilikasirika kidogo. Nikaona anataka kunifundisha kununua.

Juzi Alhamisi nikachukua wembe, nikafumua mshono.

Ndani hapakuwa na sponji moja nzima. Palikuwa na vipande: vya kijani, vya njano, vyeusi vyenye mafuta kama vimetoka kwenye kiti cha lori, na mabaki ya zulia, vyote vimegandishwa kwa gundi ambayo harufu yake ilinipanda kichwani pale pale. Na ili visisambae, vilikuwa vimefungwa kwa vitambaa vya viroba vilivyokatwa. Viroba vyenye vumbi la rangi ya waridi.

Rangi ile siulizi mtu. Nina duka la pembejeo. Mahindi ya mbegu huja yamepakwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo ndiyo inayoyapa rangi ya waridi ili mtu asije akayala. Msimu wa kupanda, vidole vyangu huwa hivyo hivyo mpaka Krismasi.

Niliendelea kuvuta. Kipande cha tatu cha kiroba kilikuwa na maandishi ya kalamu nene ya wino: TULI 7.

Mwandiko ni wangu. Kila mzigo unapofika naandika kwenye kiroba jina la mtoto na namba, viroba vyangu visichanganywe na vya wengine kwenye lori. Na mwezi wa pili alikuja mtu dukani akaulizia viroba vitupu. Nikampa vyote kwa bei ya kutupa. Kila kimoja kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba kisitumike tena. Sikumwuliza anakwenda kuvifanyia nini. Nilikumbuka kumwonya asiwekee unga, nikajipongeza kwa hilo.

Nilikaa sakafuni muda mrefu.

Baba Tuli aliporudi nilimwonyesha vipande vya sponji, nikamwonyesha na vumbi. Kipande chenye jina sikumwonyesha. Nilikuwa nimekikunja nikakitia kwenye mfuko wa sweta. Akasema, "Watu wana roho mbaya, jamani." Nikaitikia, "Wabaya sana." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Basi leo nikatoka kutafuta godoro jingine. Marehemu baba yangu alikuwa akitusimulia kwamba enzi za maduka ya kijiji, kule Mbeya, godoro lilikuja moja kwa kibali, unapanga foleni siku mbili, na ukilipata huchagui. Sasa soko ni huria, magodoro yamepangwa mpaka darini, na bado mtu anarudi nyumbani hajui amebeba nini. Duka la kwanza godoro lilinuka kama rangi ya milango. La pili nikaomba wafungue zipu, muuzaji akaniambia zipu ni pambo. La tatu ndilo la wale waliocheka.

La nne ni la Mzee Deo, mtu wa Muze, mnene, mpole, anauza vitanda na magodoro karibu na stendi. Nilimwamkia, kisha nikaanza kazi yangu. Nikabonyeza, nikatazama kama linarudi haraka. Nikanyanyua upande mmoja kupima uzito. Nikanusa. Mwishoni nikamwomba afumue kona nione ndani.

"Mama Tuli," akasema, "godoro si tikiti maji, kwamba tunakata kwanza ndipo ununue."

Nikamwambia nimeshaumizwa, sinunui tena kwa macho. Nadhani sauti yangu ilikuwa kali. Alinitazama, akavuta kigoda akakaa.

"Msimu uliopita nilinunua mbegu kwako," akasema. "Ulinipimia kutoka kwenye kiroba kilichokwisha kufunguliwa. Unakumbuka?"

Sikukumbuka. Nikadhani sasa ananigeuzia kibao, atasema mbegu hazikuota. Nikaanza kutafuta maneno ya kujitetea.

"Sikukuomba unionyeshe kitu. Nilipeleka shambani, nikatia ardhini chakula cha watoto wangu cha mwaka mzima, kwa kukuamini tu."

"Na ziliota?" nikauliza.

"Ziliota vizuri. Ndiyo maana wewe nakufumulia. Angekuwa mwingine ningemwambia aende zake."

Akachukua mkasi, akafungua kona ya godoro la futi tatu na nusu. Sponji ilikuwa moja, nyeupe inayoelekea krimu, kutoka juu hadi chini. Akakata kijipande akanipa ninuse. Harufu ya upya ilikuwepo, hafifu, akaniambia niliweke kwenye upepo siku mbili kabla ya kutandika. Kisha akaishona ile kona mwenyewe, sindano ndefu, uzi maradufu, bila haraka.

Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa nataka kulia.

Mzee huyu anaamini kwamba dukani kwangu hakutoki kibaya.

Godoro sasa limeegemezwa ukutani uani, upepo unalipiga. Lile la zamani nimelifungia stoo. Jana Baba Tuli alisema tungeweza kumpa mlinzi wa jirani, lina maua bado, naye analalia maboksi. Naona aibu kuandika kwamba nilikaa kimya kidogo kabla ya kusema hapana.

Saa kumi hivi nikampigia Mama, Laela.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Mtoto anaendeleaje?"

Hakuuliza kingine. Nikamwambia kwamba haikuwa mafuta yake. Nikamwambia habari ya godoro. Halafu, kwa kuwa ukishaanza kuteremka huwezi kusimama katikati, nikamwambia na habari ya viroba, na jina lililoandikwa juu yake, na kwamba mwanawe bado hajui.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimpa viroba vingi?"

"Vingi, Mama. Vya msimu mzima."

"Godoro moja haliwezi kumaliza viroba vya msimu mzima," akasema. "Kwa hiyo kuna watoto wengine wanaolalia magodoro hayo."

Nilikuwa sijalifikiria. Siku mbili nzima nimeshuku wauzaji, nimeshuku gundi, zipu na rangi ya sponji, na sijamfikiria mtoto mwingine hata mmoja.

Nikamwomba radhi. Nikamwambia arudi nyumbani. Akasema, "Nimekusikia, mwanangu. Nitarudi, lakini si leo. Lile neno ulinitolea mbele ya mjukuu wangu. Shughulika kwanza na hao watoto." Akakata simu.

Hajanisamehe. Sina haki ya kumharakisha.

Nimechukua karatasi kubwa nikaandika tangazo la kubandika mlangoni mwa duka Jumatatu, na jingine nitaomba lisomwe kanisani baada ya misa. Nimeandika kwamba aliyenunua godoro la maua mekundu kwenye pikapu afumue mshono atazame, na akikuta kitambaa chenye vumbi la waridi asimlaze mtu juu yake, wala asimpe mwingine. Alilete dukani kwangu, tutalipeleka kwa bwana afya atuambie la kufanya.

Sentensi ya mwisho imenichukua muda. Niliandika "viroba vilitoka duka moja hapa mjini", nikafuta. Nikaandika "inasemekana", nikafuta. Sasa inasomeka: Viroba hivyo niliviuza mimi.

Wateja wengine wataondoka, najua. Huenda na Mzee Deo.

Tuli anacheza uani. Mume wangu ndiyo kwanza anasukuma geti. Nafunga kompyuta hapa, nimwite aje asome tangazo yeye wa kwanza, kabla ya mji mzima.