Nilikosea, wazee wakanishukuru: nilisahihishe kosa?

Bi Tomoe, mshauri wetu wa gazeti la Jumamosi, naomba unisikilize bila kucheka, maana kila ninayemweleza hapa Kumamoto ananiambia hayo ni mambo ya kompyuta tu, kunywa chai ulale, na mimi usingizi hauji na chakula hakipiti, na tatizo langu safari hii si mume wala mama mkwe, ni alama moja ya mstari wa wima.

Mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta. Kazini tunatengeneza programu za hospitali, lakini kwa mapenzi yangu tu nina kitu changu kidogo nilichokiweka mtandaoni, anayekitaka anakichukua bure. Nieleze kidogo. Kuna namna ya kuandika inaitwa markdown, mtu anaandika maandishi matupu na kutia alama ndogondogo, nyota mbili huku na nyota mbili huku neno linakolea wino, alama ya reli mwanzoni na mstari unakuwa kichwa cha habari, halafu programu inazisoma hizo alama na kukupangia ukurasa ukapendeza. Sasa waliobuni alama hizo hawakuwa na habari na maandishi yetu ya Kijapani, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kuweka zile herufi ndogo tunazozipachika juu ya kanji, zile alama zetu za maneno mazima, ili mtoto ajue neno linasomwaje, nami nikaona haiwezekani, nikaandika nyongeza ya kuchomeka kwenye hiyo programu: unafungua mabano ya mawimbi, unaandika neno, unaweka mstari wa wima, unaandika linavyosomwa, unafunga, na herufi ndogo zinatokea juu ya neno zimekaa sawasawa. Basi, ndiyo hiyo tu. Watu wachache walinishukuru na mimi nikasahau.

Mwezi uliopita nimekaa ofisini na bakuli langu la tambi, ukaingia ujumbe. Uliandikwa kwa adabu sana: "Tunaomba, kama haitakuwa usumbufu, zile herufi za chini ziongezwe ukubwa kidogo, macho ya kina mama yamechoka." Herufi za chini? Nyongeza yangu haina herufi za chini. Nikajibu kwa ule ujuaji wetu kwamba labda wanatumia kitu cha mtu mwingine, wakanitumia anwani ya ukurasa wao, nikaufungua, na Bi Tomoe, tambi zile zilivimba zikanywa mchuzi wote, mimi bado naangalia.

Ni kikundi cha kina mama wa kisiwa kimoja kidogo huko kusini, siku nzima kwa meli kutoka Kagoshima. Wameandika maneno ya kwao. Katikati kuna Kijapani cha kawaida, juu yake herufi ndogo za kuwasaidia watoto, na chini, chini kabisa ya kila neno, kwa herufi nyingine ndogo, kuna neno lilelile kama linavyosemwa na watu wa kisiwa kile. Ukurasa baada ya ukurasa. Namna ya kumwita mbuzi aliyegoma. Majina ya maji yanavyojaa na kupwa. Maneno ya kumwambia mtoto aliyeanguka akaumia goti, na maneno mengine kabisa ya kumwambia mtoto aliyeanguka akaogopa tu. Unayosema ukiingia nyumba yenye msiba, kabla hujavua viatu na baada ya kuvua. Maneno ambayo sijawahi kuyaona yameandikwa popote, na nadhani hayajawahi kuandikwa, yamekaa ndani ya kitu changu, tena mahali ambapo mwenyewe sikujua kama pana nafasi. Ni kama nyumba umeijenga kwa mikono yako, kila msumari unaujua, siku moja unasikia watu wanaimba chini ya sakafu, unainua ubao, unakuta chumba kizima na watu wamekaa wanakunywa chai. Nilishikwa na kitu ambacho sina jina lake. Nilisimama nikaenda chooni nikanawa uso.

Halafu nikatafuta inafanyikaje. Wao wanaweka mistari miwili ya wima badala ya mmoja. Mistari miwili ni makosa, nyongeza yangu ilipaswa kukataa, lakini nilikosea mahali fulani, na kosa langu likikutana na mistari miwili linayashusha maandishi chini ya neno, vizuri kabisa, kama limefundishwa. Mimi niliyeandika kila herufi ya kitu kile sikuwa najua.

Nikapiga simu iliyoandikwa kwenye ukurasa wao. Akapokea mwenyekiti wao, Bibi Nae, ana miaka themanini na kitu, sauti kama ya msichana.

"Wewe ndiye mwenyewe?" akaniuliza. "Uliyetengeneza?"

"Ndiyo mimi, bibi. Nilitaka kujua, mistari miwili nani aliwafundisha?"

"Atufundishe nani? Kidole kilitetemeka, mwanangu. Nikabonyeza mara mbili. Neno likashuka chini. Nikawaita wenzangu, njooni muone. Unajua, sisi shuleni ukiongea lugha ya nyumbani unavalishwa kibao shingoni, unakaa nacho mpaka umsikie mwenzio ameteleza, umvalishe yeye. Nilikivaa sana kile, mimi mdomo wangu ulikuwa mwepesi. Kwa hiyo tumezoea kuongea chini kwa chini. Tulipoona kuna mahali pale chini tukasema, aliyetengeneza kitu hiki anatujua."

Ningefanyaje, Bi Tomoe? Nilisema, "Asante, bibi." Sikusema kwamba ni kosa. Wiki iliyofuata likaja sanduku la sukari guru kutoka kisiwani, mabonge meusi yamefungwa kwenye karatasi, na kadi wameitia sahihi wote. Liko juu ya meza yangu, sijaonja hata bonge moja.

Sasa ndipo balaa linapoingia. Nyongeza hii naitunza na mwenzangu Kengo, tulisoma chuo kimoja, ni kijana safi na ndiye anayejibu watu mimi nikichoka. Kuna wachapishaji wa vitabu vya shule wanataka kuitumia, ni heshima kubwa, watoto wa nchi nzima wataisoma kazi yetu, lakini walipoijaribu wakaliona lile kosa na wanataka lizibwe mwisho wa mwezi huu. Tukitoa toleo jipya, kurasa zote zinazotumia nyongeza yetu zinalichukua zenyewe, na za kisiwani pia, kwa sababu mwalimu mstaafu aliyewawekea mitambo amefariki na hakuna pale anayejua kuzuia. Asubuhi moja kina mama watafungua na mstari wa chini wote utakuwa umegeuka fujo ya mabano.

"Dada, hilo ni tundu," Kengo ananiambia. "Tundu linazibwa."

"Kuna watu wanaishi humo."

"Nani aliwaambia wahamie? Maelekezo yanasema mstari mmoja. Hawakusoma, shauri yao."

"Kengo, wana miaka themanini."

"Basi wapigie uwaambie ukweli, uone kama utaweza."

Anajua siwezi. Watu ambao tangu utotoni wameambiwa maneno yao ni makosa, leo mimi niwapigie niwaambie hata mahali mlipoyaweka ni makosa? Nimefikiria kunyamaza tu, nimwambie Kengo tuliache tundu kimyakimya na wachapishaji wakatafute kitu kingine, lakini naye ameifanyia kazi miaka yote hiyo bila kulipwa. Nimekuambatanishia anwani ya ukurasa wao ujionee. Nifanye nini?

Chizuru, Kumamoto


BI TOMOE ANAJIBU

Chizuru, binti yangu, kwanza niseme nimeufungua. Mimi kompyuta naijua kwa kutazama picha za wajukuu, lakini niliufungua kwenye simu nikiwa nasubiri wali uive, na wali ukashika sufuria. Nilifika kwenye yale ya mtoto aliyeanguka. Nikasoma mstari wa chini kwa sauti, taratibu, sikuelewa hata neno moja, na mume wangu akazima televisheni bila kuombwa. Kwa hiyo kuhusu kule kunawa uso chooni, nimekuelewa, wala sikukucheka.

Sasa kaa vizuri nikuseme.

Karibu umwite Kengo balaa, na Kengo ana haki nusu nzima. Tundu lisiloandikwa popote litazibwa tu. Usipoliziba wewe mwaka huu, ataliziba mwingine mwaka wa kesho kutwa, mtu mzuri tu, mwenye bidii, asiyemjua Bibi Nae, atadhani anafanya usafi. Huo mpango wako wa kunyamaza unauona ni huruma. Mimi nauona ni uoga, na unawaacha wale kina mama wamekaa chini ya sakafu ambayo mtu yeyote anaweza kuimwagia zege.

Unalo jambo moja tu la kufanya, nalo umelizunguka barua nzima kama paka na maji. Lihalalishe hilo tundu. Chukua maelekezo yako, yale ambayo Kengo analalamika hawakuyasoma, uandike humo waziwazi: mstari mmoja, herufi hukaa juu, mistari miwili, herufi hukaa chini. Lipe jina. Nimemuuliza mpwa wangu anayefanya kazi kama yako, akaniambia mnaandikaga na majaribio, kwamba mtu akigusa kitu kikaharibika kengele inalia kabla toleo halijatoka. Basi andika hilo jaribio, na ndani yake utumie maneno ya kisiwani, kwa ruhusa yao, ili siku yoyote fundi yeyote akitaka kuziba, akutane na mtoto aliyeanguka akaumia goti. Tena aliandike Kengo. Mpe yeye hiyo kazi, na mpe anwani ya ukurasa kwanza, maana nimeona kwenye barua yako unamwambia umri wao, hujasema mahali popote kwamba umemwonyesha.

Wachapishaji wanataka mstari mmoja tu? Wawekee swichi ya kuzima upande wao. Usiniulize swichi inatengenezwaje, fundi ni wewe.

Halafu utampigia Bibi Nae umwambie ukweli. Najua umesema huwezi. Mama huyo alivaa kibao shingoni akiwa mtoto kwa sababu ya maneno ya mama yake, na bado ameyashika mpaka leo, wewe unadhani atavunjika kwa kuambiwa habari za mabano? Unamlinda na kitu ambacho alishakibeba zamani, tena kizito kuliko hiki. Mwambie hivi: bibi, sikuwajua. Kidole chako kilikosea, na mimi nilikosea, na lugha yenu ikapita hapo katikati. Nadhani atacheka. Akinyamaza, nyamaza naye, usijaze simu kwa maneno.

Alisema aliyetengeneza kitu hiki anawajua. Bado ni uongo, na umeuacha usimame, ndiyo sababu sukari huigusi. Uongo huo una dawa rahisi: wajue. Meli inaondoka Kagoshima jioni, omba likizo, nenda ukakae nao, wakufundishe kumwita mbuzi. Na hiyo sukari guru uile, watu wametia sahihi wote, si ya kuwekwa mezani kama sanamu.

Lakini hayo yote yatachukua muda, na kuna jambo la leo. Nimesoma barua yako mara mbili nikilitafuta sikuliona. Umeshangaa, umelia, umegombana na Kengo, umeniandikia mimi. Wale kina mama hawajakuuliza kama lile ni kosa au si kosa. Hawajakuomba uiokoe lugha yao, wanaiokoa wenyewe. Tangu mwezi uliopita wamekuomba kitu kimoja, kwa adabu, kwa sababu macho yao yamechoka, na hujakifanya.

Kuza zile herufi, Chizuru. Anza na hilo.