Safina wa Mtaa wa Miashoki

Mtaa wa Korongoni, Nachingwea
6 Novemba 2023

Mama yangu,

Asalam aleikum. Mgongo unaendeleaje, na korosho zimeanza kudondoka? Sisi wazima nusu. Mjukuu wako Safina, somo yako mwenye jina lako, bado anakohoa. Wiki ya tano sasa, na gauni la Idi linamteleza mabegani. Simu niliuza, ndiyo maana nampa Obadia wa basi karatasi hii akuletee Mbekenyera.

Bomba letu lina siku kumi na moja halitoi kitu. Ng'ambo ya barabara, mtaa wa Miashoki, ninakofua nguo kwa mama Fahadi, wanamwagilia majani. Na tangi ni moja.

Zahanati yetu yuko muuguzi Teodosia peke yake, yule mtani wetu Mngoni. Akasema, "Nyinyi Wamwera mkiugua ndiyo mnakumbuka kuna Wangoni." Alipomsikiliza mtoto kifua akaacha utani. "Mwantumu, mimi hapa nina panado na maneno. Kituo cha Miashoki wana daktari na mashine ya picha. Mpeleke."

Nikampeleka mara mbili. Wa mtaa wao wanapita kwanza, sisi tunakaa mpaka saa nane tunaambiwa njoo kesho. Mara ya tatu karani aliponiuliza tunakaa wapi, nikasema Miashoki, nyumba ya mama Fahadi. Tukaingia papo hapo. Mama Fahadi sijamwambia. Usinigombeze.

Mwanao,
Mwantumu


Mbekenyera, Ruangwa
13 Novemba 2023

Mwanangu,

Waaleikum salaam. Mgongo upo, unauma kama kawaida yake. Anaandika Saada wa jirani, mimi nasema.

Nakugombeza. Hapa mtu akibisha hodi tunamuuliza kwanza, wewe wa kwa nani? Hata awe mgonjwa wa kubebwa. Asiyesema kwao, siku akianguka nani atapelekewa habari? Mtoto ana kwao. Rudi kwa karani ukaseme, au mlete somo yangu huku nimbebe mwenyewe.

Huyo mtani wako mwambie Wangoni walituibia mbuzi, sasa walipe kwa dawa. Obadia ana mbaazi na ufuta wenu.

Mama yako


Korongoni, Nachingwea
4 Desemba 2023

Mama,

Shikamoo. Mbaazi zimefika, ahsante, Safina kala vijiko vitatu. Teodosia nimempa habari ya mbuzi, akasema wenyewe walikuwa wamekonda.

Mtoto kapigwa picha ya kifua, na kipimo kingine kimepelekwa mbali. Daktari hakunifokea hata mara moja, Mama. Kanipa kiti. Kasema majibu yakitoka mhudumu atayaleta nyumbani, na dawa kama zipo, nisijisumbue kupanga foleni. Sikujua kama serikali ina miguu ya kumfuata mtu kwake. Huku kwetu haijawahi kufika.

Kwa hiyo kwa karani sikurudi, niliogopa watatufuta. Na kuja huko siwezi, nasubiri majibu. Anachoka hata akicheka.

Mwanao,
Mwantumu


Mbekenyera
28 Desemba 2023

Mwanangu,

Hamjambo? Obadia anarudi mikono mitupu, mara ya tatu hii. Korosho nimemaliza kuokota, nipo tu. Somo yangu anaendeleaje? Hata neno moja mpe Obadia mdomoni.

Mama yako


Korongoni, Nachingwea
11 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Ulipokuja msibani mwezi wa kwanza ulikaa mkekani siku tatu bila kunisemesha, ukaondoka. Leo nakueleza.

Nilikuwa nafua, mama Fahadi ananisimulia kama kichekesho. "Watu wa afya wamenichosha, Mwantumu. Mara tatu wanakuja na mfuko wa dawa, wanamtafuta mtoto Safina mwenye kifua kikuu. Kwangu mimi? Nimewaambia humu watoto wanakunywa maziwa." Nikamuuliza lini. Akasema wiki ya tatu sasa.

Nilikimbia na povu mikononi. Kwenye daftari wameandika, hakupatikana. Dawa nilipewa siku ile ile, bure. Alizinywa siku nne.

Mazikoni ulikuwa bado njiani. Teodosia alikuja, na watu wakamngoja afanye utani wake, ajilaze njiani jeneza lisipite, atudai mbuzi. Alikaa chini kwenye udongo akanishika mguu, basi.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita gari la afya limekuja kupima kifua nyumba kwa nyumba. Limepima Miashoki, kwa sababu vitabu vinasema mtaa ule umepoteza mtoto. Korongoni vitabu vinasema hajafa mtu. Hawakuvuka barabara. Jirani yangu ana watoto wawili, wote wanakohoa.

Nimekwenda kwa karani nikamwambia niliongopa, yule mtoto alikuwa wa Korongoni, mwandikeni kwao mje mpime na huku. Akafungua daftari, akalifunga. "Dada, ripoti imeshakwenda. Marehemu hahamishwi." Nimerudi mara nne, jibu ni hilo. Kesho nakwenda na hao watoto wawili, nikae nao mlangoni. Sitarajii kitu, ila nitakaa.

Barua hii sikuombi uijibu. Nikipata nauli nitakuja. Nikibisha hodi, Mama, usinifungulie kwanza. Niulize mimi wa kwa nani. Mara hii nitasema.

Mwanao,
Mwantumu wa Korongoni