Nimesema Naumwa Macho ili Nivae Miwani

Shangazi Amne, shikamoo.

Naomba usitaje jina langu, na kama ni lazima utaje mtaa sema Kwamndolwa tu, ni kubwa, hawatanijua. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nipo kidato cha tatu, naishi na Bibi yangu, na shida yangu ni kwamba Jumamosi hii nina mashindano ya baiskeli kutoka Korogwe mpaka Handeni na sijui nivae miwani gani, ninazo mbili, moja inapendeza na nyingine inafaa, naomba unijibu kabla ya Alhamisi, sababu ya Alhamisi nitaieleza huko chini.

Shangazi, mimi nina aibu. Siyo ile ya kusifiwa kwamba mtoto ana adabu, hapana, mwalimu akiniita nasahau hilo jina ni la nani. Shule ya msingi nilisoma ya Kiingereza, huko nilikuwa nanyamaza kwa Kiingereza, sekondari nikaja ya serikali nikawa nanyamaza kwa lugha zote mbili. Mahali pekee ambapo sina aibu ni juu ya baiskeli, ila kwa sharti kwamba barabarani hakuna mtu, na wewe unajua mitaa yetu, kutoka nyumbani mpaka kwenye lami kuna vibaraza kumi na kimoja, kila kibaraza kina mtu mzima, na kila mtu mzima anataka shikamoo yake, siyo shikamoo ya kurushwa, unatakiwa upunguze mwendo, umtazame, ujibu habari za Bibi, za shule, za mahindi, mpaka nifike kwenye lami wenzangu wameshapasha misuli na misuli imeshapoa.

Nipo kwenye kikundi cha kaka Isaka, fundi baiskeli wa karibu na stendi ambaye zamani alikuwa anashindana. Siku moja tukiwa mazoezini lori la mkonge lilitupita likatumwagia vumbi na nyuzi, kitu kikaniingia jichoni, nikafumba macho yote mawili nikiwa kwenye mteremko, nilipoyafumbua nilikuwa upande wa pili wa barabara. Kaka Isaka hakunigombeza, alikaa chini kwanza, halafu akasema, "Kesho usije bila miwani. Chukua nyeupe, ya kioo kisicho na rangi, kama ya wale wa kiwandani wanaosimama kwenye mashine, inayofunika mpaka pembeni."

Nikaenda gulioni kwa dada Shida anayeuza miwani. Nyeupe ilikuwepo, nikaijaribu, nikajiona nafanana na mtu anayekwenda kupulizia dawa mahindi. Pembeni yake palikuwa na nyingine, kioo cha buluu kinachong'aa, ukiivaa mtu anayekutazama anajiona yeye mwenyewe, wewe hakuoni kabisa. Shangazi, nilihisi nimepata nyumba yenye mlango. Ilikuwa na kikaratasi cha Kiingereza kinaning'inia, dada Shida akasema, "Mwanafunzi, hebu nisomee hapo, wateja wananiuliza mpaka naona haya." Kiliandikwa kwamba hiyo ni ya mapambo tu, haikingi mionzi ya jua wala kitu kinachoruka. Nilielewa kila neno. Nikamwambia, "Imeandikwa inakinga jua, vumbi na mawe." Hayo mawe sijui niliyatoa wapi. Nikanunua zote mbili, nyeupe ya kumwonyesha kaka Isaka, buluu ya kuvaa, na tangu siku hiyo dada Shida anaiuza kwa kupaza sauti, "Imesomwa na mwanafunzi wa Kiingereza, inakinga mpaka mawe!" na vijana wa bodaboda pale stendi wote wamekuwa na macho ya buluu.

Basi maisha yakawa mazuri, nikawa napita vibaraza vyote kichwa mbele, hakuna anayejua natazama wapi, shikamoo zikaisha. Mpaka Mzee Bonaventura, ambaye kibaraza chake ndicho cha mwisho, akatoka na fimbo akasimama katikati ya njia.

"Binti Awadhi, nimekukosea nini?"

"Hapana, mzee."

"Hapana nini? Wiki tatu unanipita kama mti. Vua hicho kioo nione kama ni wewe au kuna mtu umemwazima baiskeli."

Nikajua nikivua ataona machozi, mdomo ukasema wenyewe, "Mzee, naumwa macho, daktari amekataza nisivue."

Shangazi, niliporudi jioni habari ilikuwa imefika nyumbani kabla yangu. Bibi analia kwa Kizigua, maana akihuzunika Kiswahili kinampotea, shangazi zangu wa Kang'ata wakatuma asali ya kupaka, kuna mtu alitumwa mpaka mlimani Lutindi akaleta majani, nikaoshwa uso asubuhi na jioni kwa maji yanayonuka beberu. Shuleni nikahamishiwa dawati la mbele, na Kaleb wa kikundi chetu, ambaye tunasoma darasa moja ila hakuwahi kunisemesha, akawa ananisomea ubaoni kwa sauti ya taratibu kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Nisikudanganye, nilifurahi. Nilikuwa sihitaji kusema kitu na bado napendwa.

Tatizo lilianza Jumamosi iliyopita. Tulianza kabla jua halijatoka, tukapita pale penye miti, sikuona tuta, nikaanguka, Kaleb alikuwa nyuma yangu akanipanda na tairi akachunika kiwiko chote. Kaka Isaka akaniambia mbele ya watu, "Wenzako wanaendesha asubuhi, wewe unaendesha usiku wako peke yako. Siku ya mashindano ukija na hiyo, hupandi." Sasa nikivaa nyeupe macho yangu yataonekana, na ni mazima, tena siku hizi yamenenepa kwa asali, na mtaa mzima utakuwa umejipanga barabarani kunishangilia mimi mgonjwa.

Lile la Alhamisi ni dogo tu, ni kwamba madaktari wa macho wanakuja kwenye zahanati, mtaa wetu umepewa nafasi kumi na mbili, Bibi alikuwa wa kumi na mbili kwa sababu ya mtoto wa jicho kwenye jicho la kulia, la kushoto haoni tangu zamani, akawaambia wamfute yeye waniandike mimi kwa kuwa bado nasoma, kwa hiyo inabidi niende nikapimwe. Sasa nauliza, ipo miwani ambayo kwa nje ni nyeusi lakini ndani unaona kama umevaa nyeupe? Na je, daktari akinimulika atajua?

Ni mimi Mwenye Miwani,
Kwamndolwa.

*

Marahaba, Mwenye Miwani.

Jibu hili nimekutumia kwenye simu siku ileile barua yako iliponifikia, Jumatatu. Hapa gazetini linachapwa kwa faida ya wengine, na majina nimeyabadilisha, ingawa kwa vibaraza kumi na kimoja sidhani kama itasaidia.

Nianze na swali lako la mwisho. Ndiyo, atajua. Ana taa, na amesomea. Atamulika jicho la msichana aliyesoma herufi ndogo kama mchanga kwenye kikaratasi cha gulioni, tena kwa lugha ya kigeni, atakuuliza unasumbuliwa na nini, na wewe kwa aibu yako utamjibu "mawe". Kisha ataita jina linalofuata, ila halitakuwepo, kwa sababu wewe ndiye wa kumi na mbili. Na Bibi yako atakuwa nje kwenye benchi, amekushikia begi, anakuombea.

Mwanangu, umeniandikia kurasa nne. Miwani ya buluu nimeijua mpaka inavyong'aa. Kiwiko cha Kaleb nimekijua. Jicho la Bibi umelipa sentensi moja, ukaianza kwa "dogo tu". Hebu rudia kuisoma sentensi hiyo kwa sauti, wewe msomaji wa vikaratasi. La kushoto haoni. La kulia linafunga. Hilo ambalo nafasi yake amekuachia ndilo analowashia moto, ndilo analochagulia mchele, na nadhani ndilo analokutazamia ukitoka asubuhi na baiskeli mpaka upotee kwenye kona. Halafu unaniuliza kama kuna miwani ya kuficha macho mazima! Ipo. Umeivaa mwezi mzima, na imekuficha Bibi yako.

Aibu naijua, usidhani nakucheka kwa hilo. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa nazunguka shamba zima la mkonge nisipite mbele ya duka la mjomba wangu, miguu ikichomwa na miiba, kwa kukwepa tu kuulizwa habari za mtihani. Lakini mimi nilichomwa miguu yangu mwenyewe. Wewe umechuna kiwiko cha mtu, umemliza mwanamke mzima kwa lugha ya kwao, na kuna mtu amepanda Lutindi kufuata majani ya kuoshea macho yanayoona vizuri kuliko ya kwake. Aibu haikumfuta mtu kwenye orodha ya daktari. Uongo ndio uliomfuta.

Sasa miwani, maana uliuliza na sitaki useme nimekunyima. Vaa nyeupe. Kaka Isaka alishakwambia na alikuwa sahihi kabla hujafika gulioni. Miwani ya baiskeli inavaliwa ili wewe uone, kupendeza ni bahati. Mnaanza kabla jua halijakomaa, mnapita kwenye miti na matuta, kioo cheusi saa hiyo ni sawa na kufumba macho kwa kujitakia. Na kioo cheusi kisichokinga mionzi ni kibaya kuliko kutovaa kitu, kwa sababu jicho likiwa gizani mboni inapanuka, na jua linaingia lote. Nyeupe nzuri ya plastiki ngumu inakinga mionzi na haipasuki vipande kokoto ikiigonga. Kikaratasi chake kitasema. Safari hii kisome kama kilivyoandikwa.

Ijaribu ukiwa umeshavaa mtandio na helmeti, siyo kichwa wazi. Mikono yake ipite juu ya mtandio, ifunike mpaka kwenye nyusi na pembeni, ila isikandamize mashavu, pabaki upenyo wa hewa la sivyo jasho litaitia ukungu kwenye mlima wa kwanza. Tikisa kichwa kama unayekataa posa. Ikishuka puani, funga kamba ya mpira nyuma, au chukua nyingine. Ikipata vumbi imwagie maji kwanza ndipo uifute, usiisugue kavu na ncha ya mtandio, utaichora mpaka ionekane imepigwa msasa. Basi. Kwamba unafanana na mpulizia dawa ya mahindi, huyo mpulizia anarudi nyumbani na macho yake.

Ile ya buluu mrudishie dada Shida, na ukifika kwake msomee kile kikaratasi upya, neno kwa neno, wateja wakisikia. Ndiyo, wakisikia. Kuna vijana wanaendesha pikipiki kwa mwendo unaoujua wakiamini wamekingwa na mawe kwa tafsiri yako. Kaleb umwombe radhi ya kiwiko, na umwambie ubaoni unajisomea mwenyewe. Akiendelea kukusemesha baada ya hapo, utajua alikuwa hakusemeshi kwa sababu ya ugonjwa.

Na vibaraza? Toka nyumbani robo saa mapema. Punguza mwendo, inua mkono, sema shikamoo isikike, pita. Wazee hawakuhitaji macho yako yote, walitaka kujua kwamba umewaona. Kwa Mzee Bonaventura simama kabisa, vua, mwache akutazame, na umweleze. Atakusema. Mwache akuseme.

Lakini hayo yote yanasubiri. Leo, ukitoka shule, usiende mazoezini. Nenda nyumbani, kaa upande wa kulia wa Bibi ambako bado anakuona, mwambie. Usimtume mtu, usimwandikie, na usianze kwa "Bibi, usikasirike". Anza kwa "Bibi, macho yangu ni mazima, nilidanganya." Akilia, usiondoke. Akinyamaza, ndiyo usiondoke kabisa. Akisema yamekwisha na nafasi ubaki nayo tu kwa kuwa imeshaandikwa, maana bibi wa namna hiyo nawajua, mkatalie. Ni mara moja katika maisha yako nakuruhusu kumbishia.

Kisha mshike mkono mwende zahanati leo hiihii, na wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, umwambie anayeshika orodha: "Nifute mimi, mwandike Bibi." Akikwambia orodha imeshapelekwa juu, kaa kwenye benchi lake mpaka aipigie simu hiyo juu. Wewe una uzoefu wa kunyamaza, nyamaza mbele yake mpaka achoke.

Bibi akionekana anafaa, Ijumaa atapelekwa kufanyiwa upasuaji, Jumamosi atarudi na jicho limefunikwa. Atakuwa haoni kabisa siku hiyo, la kulia limefungwa na la kushoto ndilo lile. Atahitaji mtu wa kumshika mkono kwenda msalani, wa kupika yeye asisogelee moshi, na wa kumwekea matone ya dawa kwa saa atakazopangiwa na wauguzi. Mpigie simu shangazi mmoja wa Kang'ata, mwambie ukweli naye, umwombe aje. Akija, nenda kashindane, nyeupe usoni, na nakutakia mteremko mzuri.

Asipokuja, hushindani. Mweleze kaka Isaka mapema aweke mtu mwingine. Na kabla hujaligusa jicho la Bibi kumwekea matone, nawa mikono kwa sabuni.

Shangazi Amne