Mume Wangu Ananipangia Milima kwa Vikombe

Mpendwa mshauri, kichwa kinanizunguka, naomba unisaidie kabla sijatoa jibu nikalijutia. Mimi na mume wangu tunashona mahema na mifuko ya kulalia ya wapanda milima, mashine zetu mbili zinatazamana, na mwaka juzi wateja walimshawishi akapanda nao Kilimanjaro, mlima ambao kila mtu husema ni wa kutembea tu, akarudishwa chini kwa machela mapafu yamejaa maji, na pale kitandani akaniapia, "Mama watoto, sipandi tena mlima mgumu kuliko huu," nami kwa furaha ya kumwona anahema nikaitikia amina. Sasa wateja walewale wanamwita akapande nao Elbrus, mlima wa Ulaya, na kila tukimaliza kula anapanga vyombo mezani, kila kimoja ni mlima mrefu kuliko yote wa bara lake, birika ni Everest wa Asia, hilo haligusi, kikombe cha Amerika Kusini hakitaki kamba lakini upepo wake hauna adabu, cha Amerika Kaskazini unaburuta mzigo wako mwenyewe kwenye theluji, cha Antaktika baridi yake inagandisha hata mate, cha Australia hata bibi harusi angepanda na viatu vyake vya harusi, kisha anasogeza Elbrus karibu na Kilimanjaro anasema, "Ona, mfupi, tena sehemu ya njia unapandishwa na gari la kamba, kiapo kiko palepale," nami nikitafuta kosa silioni, nikamwambia basi nenda huo wa Australia, akanuna siku nzima, wifi anasema namfunga mtu mzima kama mbuzi, mama anasema nikikubali nisije kulia kwake, na mimi sijui tena kama nampinga mume au napinga kikombe. Je, Elbrus ni rahisi kweli?

Mke wa Fundi Mahema

Mke wa Fundi, pole, ila mengine umejitakia. Nani alikupa ujaji wa milima? Ulipokea kiapo chenye mlango wa nyuma, na mumeo ameuona. Wanaoijua milima wenyewe hawakubaliani: huyu anapima urefu, yule baridi, mwingine kamba. Elbrus ni mfupi, sawa, lakini una theluji na ukungu unaopoteza watu. Na umesahau jambo moja: huo mlima "wa kutembea tu" ndio uliomlaza mumeo kwenye machela. Neno "rahisi" limeshawadanganya mara moja. Kipimo ni mapafu yake.

Vikombe virudi kabatini leo. Mpeleke kwa daktari wa mapafu, na uingie naye ndani, maana wanaume hawa wakiulizwa hali husema nzuri. Daktari akikataa, mjadala umekwisha, wifi akapande yeye. Akiruhusu, aende kwa kiapo kipya: dalili ya kwanza ikitokea anashuka, na kiongozi wa msafara aambiwe hivyo mbele yako.

Halafu acha kujificha nyuma ya Australia. Barua yote hii, sijaona mahali ulipomwambia mumeo kwamba unaogopa. Mwambie. Mwambie unaogopa asubuhi utakayokaa kwenye mashine yako, uinue macho, na ile ya mbele yako iko kimya.