Dirisha la Mbavuni kwa Rafaeli

"Huyo daktari alichungulia wapi, mbavuni kuna dirisha?" Shoga, huyo ni Mboni jirani yetu, anampigia Praxeda kelele, Makorora nzima inasikia!

Eti mume wa Praxeda, Rafaeli, ana maji kifuani, basi ni kifua kikuu, asile na watu. Daktari bingwa Mboni, kasomea kisimani!

Rafaeli akavua shati. Mshono huo, ubavuni! "Walipitisha bomba lenye taa, dada, wakachungulia, wakakata kinyama wakapime. Majibu yametoka leo: si kifua kikuu."

Mboni akainama kuutazama mshono. Mboni, shoga! Huyo huyo!

Nami niliyekuwa namwitikia Mboni "kweli, kweli," nikatazama kucha zangu.

Praxeda akatandika mkeka, akaweka sinia moja la wali. Rafaeli akanawa. "Mboni, karibu ule nasi."