Wimbo ya Baba Bila Maneno

Elisabethville, ku kambi ya bakimbizi, 26 Desemba 1961

Yaya Stanislas,

Salamu kwako kule Bakwanga. Miye na mama tuko bazima, na hema yetu haivuji tena.

Yaya, niko na kasirani! Jana nilienda ku misa ya Noeli ku parokia yetu ya zamani. Korali ikaimba ule wimbo marehemu baba alitunga mu Tshiluba, luga yetu ya Kasai, ule alikuwa anapigia ngoma ku sufuria mpaka mama anacheka. Lakini Liévin, mukubwa wa korali, alibakataza maneno, eti luga ya Bakasai isisikike tena mu Katanga. Banavuma tu, mm-mm-mm, sawa nyuki! Liévin mwenye alikula ku meza yetu! Mwenye leo analala mu nyumba yetu, tangu Bakatanga batufukuze mule!

Basi nikasimama kule nyuma, nikaimba maneno yote kwa nguvu. Bantu bakageuka. Liévin hakunikataza. Alipunguza mwendo ya mukono wenye kuongoza korali, akaningojea ku kila mustari, na niliona midomo yake: alikuwa anaimba na miye, bila sauti.

Anajua maneno yote, yaya. Hiyo njo siwezi kumusamehe.

Ndugu yako mudogo, mwenye koo imekauka,
Mujinga, jina baba alinipa mu Tshiluba