Tumechakaa

Jumamosi, 3 Mei

Daktari amesema. Kuna kijinyama kwenye koo la mume wangu, kimekaa pale pale sauti inapotokea. Ijumaa watakitoa kwa upasuaji. Sauti inaweza kurudi, inaweza isirudi. Mpaka siku hiyo asiseme neno, hata kunong'ona! Akaitikia kwa kichwa kama mtoto mtiifu. Tulipotoka tu mlangoni akaninong'oneza: na kesho nani atahubiri?

Nikamwambia, mawe yatahubiri.

Mchungaji bila sauti ni nani? Hana kazi nyingine anayoijua. Nami nimechoka. Nyumba ya kanisa inavuja, watu wanagonga mlango alfajiri na shida zao, na sijui kama bado namsikia huyo tunayemtumikia. Nimeandika. Hakuna wa kusoma.

Jumapili, 4 Mei

Aibu!

Amekataa kunyamaza. Hajawahi kuandika mahubiri maishani mwake, yote yamo kichwani. Kipaza sauti kiliungua zamani. Basi kabuni njia: yeye ananong'ona sikioni mwangu, mimi narudia kwa nguvu. Nimekuwa mdomo wa mtu! Mzee wa kanisa — yule tunayemwita Mzee Utaratibu, maana hata chafya anataka ifuate utaratibu — alikunja uso tangu mwanzo.

Tulianza vizuri. Kisha mvua ikapiga mabati, nikawa sisikii kitu. Yeye alisema "tumechaguliwa". Mimi nikasikia "tumechakaa". Nikapaza sauti: ndugu zangu, tumechakaa!

Wote wakainua vichwa. Hata watoto.

Akanivuta kiwiko, akatikisa kichwa: siyo, siyo! Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Na sikutaka kuyazoa. Neno lilikuwa limeshatoka, na lilikuwa langu. Nikaendelea bila kunong'onezwa. Tumechakaa kama shuka lililofuliwa mpaka linaonyesha mwanga. Na Mungu bado hajatutupa.

Kule nyuma, mama mmoja fundi cherehani, ambaye siku hizi haimbi hata pambio, akasema "Amina". Akaisema kama mtu aliyekanyagwa mguu. Kisha amina nyingine, na nyingine, mpaka zikaishinda mvua.

Nimerudi nyumbani. Mume wangu haniangalii. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Jumatatu, 5 Mei

Hasemi nami. Kweli hasemi na mtu yeyote, lakini huku ni kutosema kwingine.

Jumanne, 6 Mei

Mzee Utaratibu kaja, kakaa ukingoni mwa kiti. Kwamba wazee wamekutana. Kwamba kanisa haliwezi kuchungwa na bubu na mkewe. Kwamba sauti isiporudi, nyumba hii apewe mchungaji mwingine, na sisi tuhame kabla mwezi haujaisha. "Usinifikirie vibaya, Mama Mchungaji. Ni utaratibu tu." Nikamjibu kwamba simfikirii kabisa. Mume wangu alikuwa amekaa pale pale, anatazama viganja vyake.

Nimelia jikoni, nimefungulia bomba ili asisikie. Twende wapi? Nani atamwajiri mtu wa kunong'ona? Maji yamenifika shingoni. Mungu, kama upo, si useme! Asiyesema mmoja anatosha nyumba hii.

Jumatano, 7 Mei

Fundi cherehani kabisha hodi. Nikajua ni shida nyingine, nikafungua mlango na uso wangu wa kanisani. Akakaa. Tangu azike mwanawe, anasema, kila mtu anamwambia jipe moyo, furahi katika Bwana. Amechoka kufurahi! "Wewe ndiye wa kwanza kuniambia nimechakaa, mama. Siku ile nililala usingizi."

Nikamwambia ukweli: mama, lile lilikuwa kosa. Mchungaji alisema tumechaguliwa!

Akanitazama. Nikamtazama. Kicheko kikatushika, tukacheka mpaka tukashikana mabega, machozi yanatutoka, sijui ya nini. Kugeuka — mume wangu kasimama mlangoni, mabega yanamtikisika. Anacheka! Bila sauti hata chembe, mkono umeziba mdomo.

Kuna kitu kikanipanda kifuani. Sikukitambua mara moja, nilikuwa nimekisahau. Furaha. Na hakuna kilichobadilika, paa linavuja vile vile.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeunguza chakula. Tumekila. Kesho hospitali.

Ijumaa, 9 Mei

Naandika kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Wameshamwingiza. Mlangoni alinivuta shingo, akaninong'oneza kitu — na magurudumu ya kitanda yanalia, nesi ananisogeza — sikusikia vizuri! Ama alisema "nitarudi", ama alisema "nirudie". Nimeyageuza maneno haya kichwani asubuhi nzima. Moja ni ahadi, jingine ni kazi ya kuwa mdomo wake. Ee Mungu, liwe la kwanza!

Mzee Utaratibu kapiga simu, anauliza kama kuna taarifa. Hakuna.

Mwanamke aliyekaa kando yangu, mwanawe yuko humo humo ndani. Kaniuliza: wewe si yule mama wa Tumechakaa? Kasimuliwa na fundi cherehani wake. Anataka niombe naye. Nimemwambia mimi si mchungaji, mchungaji ni yule waliyemlaza ndani. "Najua, mama. Lakini mimi siwezi kumngoja."

Wengine kwenye benchi wamegeuka. Wote wana mtu mle ndani.

Naogopa. Asipopata sauti tumekwisha. Asipoamka — siandiki hilo. Na kile kitu cha Jumatano kimenipanda tena kifuani, sasa hivi, mahali kama hapa! Naona haya kukitaja.

Mlango umefunguka. Siyo daktari, ni mfagiaji. Umefungwa tena.

Yule mama ameshika mkono huu huu ninaoandikia, anangoja. Nitaanzaje? Nitaanza kama mume wangu anavyoanza. Ndugu zangu, tumecha